Asante kwa Kujitolea

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa fundi baiskeli, pale barabara ya kiwandani inapokutana na barabara kuu. Mimi nakaa mwisho wake, kwenye kigoda changu, na jiko na birika la kahawa. Katikati hukaa Kanuni, mlinzi mstaafu, ambaye hawezi kukuona unavuka barabara asikuambie ulipokosea. Pembeni yake Bi Mizani, muuza mkaa, mikono myeusi mpaka viwikoni, anakalia ncha tu ya ubao asije akauchafua. Fundi baiskeli mwenyewe tunamwita Redio. Huyo hakai. Anachuchumaa mbele yetu na gurudumu la mtu mapajani, na Mungu hakumwekea kitufe cha kumzimia. Asubuhi hiyo ninayoisema, kitinda mimba wangu alikuwa ameshafunga mizigo. Alikuwa nyuma ya ghala la kiwanda, kwenye lori la kwenda machimbo ya mawe, mbali, kule ambako wanaorudi hurudi wakikohoa. Kifungua mimba wangu, kaka yake tumbo moja, ambaye neno lake moja lingemshusha yule mtoto kwenye lori, alikuwa hajalisema.

— Bibi, kahawa leo chungu, — akasema Redio.

— Ni ileile ya jana.

— Jana ulikuwa hujanuna.

Bi Mizani akamgusa kwa kidole cha mguu. — Nyamaza wewe. Hujui mwanawe anaondoka?

— Nijue mara ngapi? Mimi ndiye niliyemkazia kamba za godoro. Mtu kafukuzwa kiwanda cha magodoro, halafu anasafiri na godoro. Ni kama mwanamume aliyeachwa na mke akaondoka na picha ya harusi kwapani.

— Hakufukuzwa, — akasema Kanuni. — Kanuni ni kanuni. Kufukuzwa lazima kuwe na mfukuzaji. Yeye alijitolea mwenyewe, mbele ya wenzake, watu wakapiga makofi.

— Hayo makofi wangempiga nayo yeye usoni, ingekuwa nafuu, — akasema Bi Mizani.

Nikamimina, nikanyamaza. Mimi shule sikuuona hata mlango wake, lakini ugomvi wa ukoo wetu wote uko kwangu. Ukitaka kujua kwa nini shangazi fulani hali nyumbani kwa fulani, au ng'ombe gani alivunja undugu wa watu tangu babu zao, unakuja kwangu, nakutolea kama ulivyokuwa, haujaliwa na mchwa. Lakini huu wa wanangu wawili sijajua niuweke wapi. Ugomvi wote ninaoujua una mtu aliyesema neno baya. Huu mtu alisema asante.

Ngoja nieleze, maana Redio akieleza yeye mtasikia mambo ambayo hata hayakutokea.

Wanangu wote wawili walikuwa chumba kimoja, chumba cha kukatia sponji. Mdogo alishika msumeno, mkubwa ndiye msimamizi. Na huyu mkubwa zamani alikuwa na sauti. Akiita mtu pale kiwandani, mimi hapa nilikuwa nageuka. Akisema simama, hata asiyehusika anasimama. Watu walimwogopa, na nisimsingizie mwanangu uzuri, wengine alikuwa anawatukana. Basi wakubwa wa kiwanda wakabadilika, wakaja wapya, wakasema mambo ya kufokeana yamepitwa na wakati. Wakamleta kocha. Nilipoambiwa kocha nilidhani wameanzisha timu ya mpira. Kumbe ni kocha wa wasimamizi. Anawafundisha kwamba msimamizi haamrishi, anauliza. Haamui, anaamua pamoja na watu wake. Viti vinapangwa duara, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Na ukiwa na jibu lako kichwani, limeze, ungoje la mwenzako.

Mwanangu akalishika somo kuliko wote. Akalileta mpaka nyumbani. Siku moja namwambia paa langu linavuja, akavuta kiti, akanitazama machoni kwa upole. "Mama, wewe mwenyewe unaona una njia zipi?" Nikamwambia njia ni mbili, upande wewe au nipande mimi.

— Lakini tusiwe wachoyo wa fadhila, — akasema Bi Mizani. — Binti yangu anashona mle ndani. Zamani alikuwa anarudi nyumbani analia. Tangu aje huyo kocha, wanaulizwa. Ni wao washonaji waliosema kitambaa kikilazwa hivi, mabaki yanapungua. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Binti yangu siku hiyo alirudi anaimba.

— Sasa je? — Kanuni akanyoosha kidole. — Kuuliza si ujinga. Wahenga walisema.

— Wahenga hawakuwa na kiwanda, — akasema Redio.

— Penye wengi hapaharibiki neno.

— Neno halikuharibika, mzee wangu. Kilichoharibika ni mtoto wa watu.

Na siku yenyewe ilikuwa hivi. Wakubwa walishusha habari kwamba chumba cha kukatia kimejaa, mtu mmoja apungue. Zamani mkubwa wa kiwanda angemwita mtu, angemwambia nenda nyumbani, na huyo mtu angekwenda nyumbani. Siku hiyo walipanga viti duara. Mwanangu akakaa kama mmoja wao, mikono mapajani, kocha yuko nyuma yake ukutani anaangalia. Mwanangu akauliza, kwa ile sauti mpya ya pamba: "Ndugu zangu, tunalitatuaje hili pamoja?"

Kimya. Nani ajibu swali kama hilo? Wakatazama viatu. Kimya kikakaa, kikanenepa. Kaka mtu shingo imeanza kutoa jasho. Kitinda mimba wangu akamwona kaka yake anaaibika mbele ya watu. Akasema: "Basi, nitaondoka mimi."

Hapo sasa ndipo mnielewe. Mimi watoto wangu nimewalea kwenye sufuria lenye mwisho. Chakula kikibaki kipande kimoja, mdogo husema "mimi nimeshiba", na mkubwa humsukumia sahani, humwambia "kula, acha maneno". Hakuna aliyeshiba. Wote wanajua hakuna aliyeshiba. Ni adabu tu, ndiyo inayofanya watu wale pamoja miaka yote bila kuchomana visu. Na mkubwa wangu hajawahi, tangu ana meno ya utotoni, kuichukua ile sahani.

Siku hiyo, katika duara lile, mdogo akasema nitaondoka mimi, akamtazama kaka yake, akangoja kusukumiwa sahani.

Kaka mtu akasema: "Asante kwa kujitolea."

Watu wakapiga makofi. Kocha aliwafundisha kupiga makofi mwenzao akijitolea jambo.

— Mimi nawaambia alifanya hivyo kwa haki, — akasema Kanuni. — Asionekane anapendelea ndugu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Yeye analia sasa hivi, na mama yake analia, na mwana analia. Nani hapo aliyeepushwa kulia? — akauliza Bi Mizani.

— Hamjaliona jambo lenyewe, — akasema Redio, akaweka chini bisibisi, ishara kwamba anaanza. — Mzee, wewe umelinda geti lile. Zamani mtu akifukuzwa, kesho yake alikuwa anakuja nani?

Kanuni akafikiri. — Mama yake.

— Mama yake na nani?

— Na mjomba. Na mzee mmoja wa kushika fimbo. Wanakaa pale getini mpaka mkubwa anachoka kuwatazama. Nimewafungulia wengi. Wengine walirudishiwa kazi, kweli.

— Haya. Sasa mwambie Bibi hapa achukue mjomba na mzee wa fimbo waende getini. Watamwomba nani? Waseme nini? Mwanetu amejitolea, tunaomba mumfukuze ili tuje kuwaombeni mumrudishe?

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimekwenda getini. Nilikaribishwa kiti, nikaletewa maji. Msichana mmoja mwenye adabu sana akaniambia, "Mama, sisi hapa tumeumia kama wewe. Tulilijadili wote." Nikawashukuru, nikarudi na ombi langu mkononi kama kuku aliyekufa njiani.

— Ndiyo maana nasema, — akaendelea Redio, sasa amepata moto, — wale wakubwa wamegundua dawa. Mtu akikukata kichwa utamlaani. Akikupa panga na kukuuliza unaonaje, utajikata mwenyewe, na utamrudishia panga lake limefutwa damu.

— Huyo kocha mwenyewe mimi namwonea huruma, — akasema Bi Mizani. — Macho yake si ya mtu anayelala. Wallah, alikuwa na kazi yake nzuri mahali, wakamkalisha duara, wakamuuliza, akajikuta amesema kocha.

— Hapana, — akasema Kanuni. Kanuni akisema hapana hukohoa kwanza. — Ni mpangilio. Sikilizeni. Mkubwa anamuuliza meneja, unaonaje. Meneja anamuuliza msimamizi. Msimamizi anamuuliza mkataji. Mkataji aulize nani? Atauliza msumeno. Msumeno hausemi. Sasa wataandika: msumeno umenyamaza, kwa hiyo umekubali. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Hiyo siyo maana yake, mzee.

— Ndiyo maana yake ya sasa.

Redio akatikisa kichwa taratibu kama daktari mwenye habari mbaya. — Mmekaribia, lakini bado. Mimi nawaambieni, tajiri mwenye kiwanda kile hayupo.

— Kasafiri?

— Amekufa. Zamani. Nani kati yenu amewahi kumwona? Amekufa, na waliobaki mle ndani wanaogopa kulisema, kwa sababu atakayelisema ndiye atakayeulizwa sasa tufanyeje. Basi kila asubuhi wanaulizana tu. Unaonaje, wewe unaonaje, na wewe unaonaje. Na magodoro yanatoka.

Bi Mizani alikuwa ameinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Nikachochea jiko, nalo lilikuwa linawaka.

Hapo ndipo kifungua mimba wangu alipotokea kwenye kona, anaelekea kazini, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Amekonda. Mke wake aliniambia anakaa kitandani amegeukia ukutani, ukimwita anaitika "nakusikiliza", wala hakusikilizi.

— Mama, umeamkaje?

— Nimeamka. Kaa.

Akakaa kati ya Kanuni na Bi Mizani. Nikampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili kama mgonjwa.

— Tulikuwa tunakusema, — akasema Redio.

— Najua.

— Hujauliza tulisemaje. Kocha hatafurahi.

Mwanangu akatabasamu kwa mdomo tu. — Redio, ziba pancha yako.

— Baba, — akasema Bi Mizani, na Bi Mizani humwita hivyo tangu akiwa mdogo, — mimi nikuulize jambo. Siku ile. Ulipomsikia mdogo wako, hukujua kama ni adabu tu?

Gari la maziwa likapita, vumbi likatulia.

— Nilijua, — akasema. — Nilijua kabla hajamaliza. Nilijua ni ile ya sahani. Hata mkono wangu ulitaka kusukuma kitu.

— Sasa?

— Kocha alikuwa nyuma yangu. Msimamizi wa washonaji walimvua cheo kwa sababu aliwaambia watu wake hapana. Hapana moja tu. — Akazungusha kikombe. — Lakini siyo hilo peke yake, msinisamehe haraka. Ningesema hapana, wewe usiondoke, ingebaki nini? Ingebidi nimtaje mwingine. Mle ndani mna mzee ambaye macho yanaanza kufifia. Mna kijana mke wake kajifungua juzi. Wote ni watoto wa watu. Kinywa changu kikawa hakina jina la kutamka. Na lile neno nililofundishwa lilikuwa pale mdomoni, tayari, limepikwa. Nikalitoa.

— Samaki mkunje angali mbichi, — akasema Kanuni kwa huzuni.

— Ana maana umekunjwa ukiwa mkavu, — Redio akamfafanulia. — Ndiyo maana umevunjika.

Mimi mama mtu nikaona hapa benchi litaoza kwa maneno, na kule lori linapakia.

— Yaliyopita tumeyasikia, — nikamwambia. — Ndugu yako yuko nyuma ya ghala. Nenda.

— Nilikwenda jana, mama.

— Ulimwambia nini?

Akainamisha kichwa.

— Mwambie mama yako ulimwambia nini, — akasema Bi Mizani.

— Nilimuuliza. Nilimwambia, unaona kwenda huko kutakusaidia kufika wapi?

Redio akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kooni, akakimeza.

— Alikujibu nini? — akauliza Bi Mizani.

— Alinitazama kama mtu niliyemsimamisha njiani kumuuliza saa. Akasema, machimboni, kaka. Kutanisaidia kufika machimboni.

Nikaliacha birika. Nilimshika mwanangu kifundo cha mkono, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu alipoota ndevu. — Sikiliza. Yule hataki kazi yako. Ameniambia kwa mdomo wake. Anasema, mama, sitaki anirudishe, najua hawezi. Nataka aniambie usiende. Tu. Hata kama baada ya hapo tutalala njaa wote. Mimi nimeshamwambia usiende mpaka nimekauka, ananijibu wewe ni mama, kazi yako ni kukataza. Neno analolitaka ni lako.

— Nikimwambia asiende, nitampa nini akikaa?

— Sikukuambia umpe.

— Akikaa, akakosa kazi, watoto wake wakalala njaa, nani atakuwa amesema? Mimi. Kila siku nikipita mlangoni kwake nitakuwa mimi niliyesema.

— Ndiyo ukubwa huo, — nikamwambia. — Ulidhani ukubwa ni kuzaliwa kwanza?

Kanuni akavuta pumzi, akaanza kusema haraka haraka haina baraka, Bi Mizani akapitisha mkono nyuma ya mwanangu, akamkatiza kwa kumgusa bega, ikabaki alama ya mkaa kwenye koti lake. Kwa mara ya kwanza hakulalamika.

Mwanangu alisema polepole, anazungumza na kikombe. — Zamani nilikuwa nafokea watu nao wananichukia. Nilikuwa nalala vizuri. Nilijua nimesema, nimekosea, kesho nitaomba radhi au sitaomba. Sasa sikosei. Mama, tangu nifundishwe sijakosea hata mara moja. Hakuna jambo mle ndani unaloweza kulitaja ukasema hili amelifanya yule. Na kila nikilala naona nimefanya mimi yote.

— Basi inuka, — akasema Bi Mizani kwa sauti ndogo. — Inuka, baba. Ghala lenyewe si lile?

Nilimwona anataka. Miguu yake ilijikusanya chini ya ubao. Na pengine angeinuka, mimi ni mama yake, namjua kuanzia kisigino. Lakini akatokea mgeni upande huohuo wa ghala, akatupa kivuli mbele yetu, na mwanangu akapata sababu ya kukaa.

Alikuwa mwanamume mnene, kitambaa shingoni, mikono ya grisi. Hatukuwahi kumwona.

— Habari za hapa. Kuna kahawa?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — akasema Kanuni, akasogea kumpa nafasi.

— Sikai, mzee. Injini iko moto. — Akapokea kikombe kwangu, akanywa amesimama, akakunja uso. — Chungu.

— Ni ileile ya jana, — akasema Redio.

Yule bwana akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mwenye duka. — Mimi ndiye dereva wa lile lori la machimboni. Nimeshapakia, nimeshafunga turubai, nilikuwa niwe nimekwenda. Lakini nina abiria kule juu ya mzigo, kijana mmoja, ana godoro. Ananiambia, kaka, subiri kidogo. Nikasubiri. Nikamuuliza tunasubiri mzigo? Anasema hapana. Mtu? Anasema hapana. Sasa nini? Anasema kuna neno. Anatazama huku. Kila nikimwona anatazama huku, kwenye benchi hili.

Akamalizia kahawa yake.

— Sasa nimeona nije niulize. Nani hapa ana neno la yule kijana?

Jamani. Redio aliinamia gurudumu lake. Bi Mizani akaziangalia kucha zake kana kwamba leo ndiyo anagundua ni nyeusi. Kanuni, ambaye ana neno la kila mvuka barabara, alifungua mdomo, akasema "kwa utaratibu", akaufunga. Mimi maneno ninayo ya kujaza hilo lori, na hakuna hata moja lililokuwa lile analolingoja. Wote tulikuwa tunamtazama mtu mmoja kwa kutomtazama.

— Si swali gumu, — akasema dereva, bila ubaya. — Kama lipo nimpelekee. Kama halipo nikamwambie halipo.

Mwanangu akainua uso. Niliona midomo inaachana. Nikasema moyoni, sasa.

— Yeye mwenyewe anasemaje? — akauliza.

Ilikuwa ile sauti ya pamba, ya upole, ya kumtazama mtu machoni. Nadhani hakuichagua. Ndiyo iliyokuwa karibu zaidi mdomoni.

Dereva alimtazama kwa muda. — Yeye hasemi, ndugu yangu. Angekuwa anasema ningekuja huku kufanya nini?

Akanirudishia kikombe, akaninong'oneza asante, akarudi alikotoka, hakukimbia wala hakujivuta.

Redio akachukua pampu, akaanza kulijaza gurudumu, fyu, fyu, fyu, maana mikono yake lazima ifanye jambo mdomo ukikosa kazi. Tukasikia injini ikikohoa nyuma ya ghala, ikashika.

Lori likatoka taratibu. Kutoka ghalani kwenda barabara kuu hakuna njia nyingine, lazima lipite mbele yetu. Likapita karibu kiasi kwamba turubai lilinusa birika langu. Kitinda mimba wangu alikuwa juu kabisa, amekalia godoro, uso ameugeuzia nyuma, kwetu. Hakupunga mkono. Alimtazama kaka yake. Hakumtazama kwa hasira, ningependa niseme ni hasira. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama utotoni, sahani iko katikati, amesema ameshiba, anangoja.

Lori likaongeza mwendo, likaingia barabara kuu, ukuta wa kona ukamkata kutoka miguuni mpaka kichwani.

Ndipo mwanangu akasimama. Kikombe kikaanguka. Kikamtoka kifuani kitu ambacho sijakisikia tangu kocha aje, ile sauti yenyewe, ya zamani, ya kufanya watu wageuke barabara ya pili.

— Simama.

Vumbi lilikuwa linatua. Ng'ambo ya barabara watu waliendelea na njia zao. Aliyesimama ni Redio peke yake, pampu mkononi, gurudumu halijajaa.